Atlanta Wanatufundisha: Kumuuliza wa Kwetu Siyo Usaliti

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kongamano la vijana wa chama tulipokutana kujiandaa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Wengi mmeiomba kwenye magrupu, kwa hiyo naiweka hapa yote.)



Nimepewa mada ya uchumi wa mji na uchaguzi wa mitaa. Ningeweza kusimama hapa nikawahesabia mitaro iliyoziba, vibanda vilivyovunjwa, machinga waliofukuzwa na ushuru usio na risiti. Lakini hayo mnayajua kuliko mimi, kwa sababu mnaishi nayo. Leo nataka tutoke kidogo. Twende Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani.

Kwa nini Atlanta? Kwa sababu viongozi wa watu Weusi wa mji ule walikaa vikao kama hiki chetu kwa miaka zaidi ya 30. Kila uchaguzi ulipokaribia walijiuliza swali lile lile: mji huu una pesa, je, pesa hizo zinapita mikononi mwa nani? Walishinda mengi sana. Na pale waliposhindwa, walishindwa kwa namna ambayo sisi vijana wa upinzani tunapaswa kuijua mapema, kabla hatujapata hata mtaa mmoja.

Tuanzie mwaka 1946. Georgia wakati huo ilikuwa na chama kimoja chenye nguvu, Democratic. Aliyeshinda kura za maoni za chama hicho ndiye aliyekuwa ameshinda uchaguzi, huko mbele kulikuwa ni kukamilisha ratiba tu. Na kura hizo za maoni walikuwa wanaruhusiwa wazungu peke yao. Naona mnacheka. Najua habari ya mshindi kujulikana kabla ya kura siyo ngeni kwenu.

Mwaka huo mahakama zikaufuta utaratibu huo. Sasa angalieni walichofanya watu Weusi wa Atlanta. Hawakufanya sherehe. Waliunda kamati ya kuandikisha wapiga kura, wakapita nyumba kwa nyumba, makanisani, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye vyuo vyao. Ndani ya miezi miwili hivi, wapiga kura Weusi walioandikishwa wakapanda kutoka chini ya 7,000 hadi zaidi ya 20,000. Miezi miwili, bila simu za mkononi, bila WhatsApp. Sisi tuna magrupu yenye watu 1,000 na daftari la mtaa linafungwa hatujaandikisha hata majirani zetu.

Miaka mitatu baadaye, 1949, wazee wawili wakakubaliana kitu kigumu. Mmoja aliitwa John Wesley Dobbs, alikuwa Republican. Mwingine A. T. Walden, mwanasheria, alikuwa Democrat. Vyama viwili vinavyopingana. Wakaunda umoja wa wapiga kura Weusi wa Atlanta, wakawa wenyeviti wenza. Wagombea wa umeya, wote wazungu, walikuwa wanakuja kuhojiwa. Umoja ule ukishakubaliana nani apewe kura, karatasi yenye majina ilikuwa inasambazwa mitaani dakika za mwisho kabisa, usiku wa kuamkia uchaguzi, ili wapinzani wasipate nafasi ya kuitumia vibaya.

Na kulikuwa na mahali pa kuhojia. Kwenye jengo la YMCA la mtaa wa Butler kulikuwa na kikao cha chakula cha mchana kilichoitwa Hungry Club, yaani klabu ya wenye njaa, kilichoanza 1945. Mwanzoni kilikuwa mahali ambapo wanasiasa wazungu waliotaka kuzungumza na viongozi Weusi wangeweza kufika kimyakimya, maana kuonekana nao hadharani kungewagharimu kura. Mnakula, mgombea anaongea, halafu anaulizwa. Baadaye ikawa ni vigumu kugombea chochote Atlanta bila kupita pale.

Walikuwa wanaulizia nini? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Hawakuulizia "maendeleo". Hawakuulizia "mshikamano". Waliulizia vitu vya kuhesabika. Tunataka askari Weusi katika mitaa yetu. Wangapi? Wakapatikana wanane, mwaka 1948. Hawakuruhusiwa kumkamata mzungu, na hawakuruhusiwa hata kubadilisha sare kwenye kituo kikuu cha polisi, ikabidi watumie jengo lile lile la YMCA. Ushindi mdogo, wenye fedheha ndani yake, lakini wa kuhesabika. Tunataka taa za barabarani. Wapi? Auburn Avenue, mtaa wao wa biashara. Zikawashwa 1949. Mwananchi akitoka nje usiku anaziona. Hahitaji kusomewa ilani ili ajue kwamba kura yake imefanya kazi.

Sasa, huo mtaa wa Auburn haukuwa mtaa wa mafukara. Kulikuwa na kampuni ya bima ya Atlanta Life, iliyoanzishwa 1905 na Alonzo Herndon, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa kinyozi, kisha tajiri. Kulikuwa na benki ya Citizens Trust, iliyoanzishwa 1921. Kulikuwa na WERD, redio ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu Mweusi. Watu walikuwa na akili ya biashara, mtaji na elimu, na vyuo vikuu vyao vilikuwa palepale mjini. Lakini ukija kwenye pesa ya jiji yenyewe, pesa ya kodi wanayolipa wote, hali ilikuwa tofauti. Hadi 1973, tenda za jiji la Atlanta zilizokwenda kwa kampuni za watu Weusi na wachache wengine zilikuwa chini ya asilimia 1. Na sensa ya 1970 ilikuwa imeonyesha kwamba watu Weusi ni zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji!

Nusu ya mji, chini ya asilimia 1 ya tenda. Yaani walikuwa wamepata taa na askari, lakini mlango wa hazina ulikuwa bado umefungwa.

Mwaka 1973 akagombea umeya kijana wa miaka 35, mwanasheria, Maynard Jackson. Ni mjukuu wa yule mzee Dobbs niliyemtaja. Mpinzani wake alikuwa meya aliyekuwa madarakani, Sam Massell, ambaye mwaka 1969 alishinda kwa kura za watu Weusi. Safari hii Massell alifanya kampeni ya kuwatisha wazungu kwamba mji utakufa. Jackson akashinda kwenye duru ya pili mwezi Oktoba, akawa meya wa kwanza Mweusi wa jiji kubwa la kusini mwa Marekani.

Na alipoingia hakukaa kupokea pongezi. Jiji lilikuwa linajiandaa kujenga jengo jipya la abiria uwanja wa ndege, mradi wa mamia ya mamilioni ya dola. Jackson akasema kampuni kubwa za wazungu zikitaka kazi, ziingie ubia na kampuni za watu Weusi na wachache wengine, na lengo liwe kama robo ya kazi. Kubwa zikagoma. Magazeti yakamsema. Wafanyabiashara wakubwa wakasema mradi utachelewa na ubora utashuka. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, uwanja hautajengwa kabisa. Wakarudi mezani. Jengo lilifunguliwa Septemba 1980. Ndani ya miaka mitano hivi ya utawala wake, ule mgawo wa chini ya asilimia 1 ulipanda ukapita asilimia 30. Mabenki nayo aliyabana: ambayo hayakutaka kuwapa watu Weusi na wanawake nafasi za juu yasitegemee kukaa na pesa za jiji.

Kitu kingine alichofanya kinatuhusu sana. Alilianzishia jiji mabaraza ya mipango ya mitaa. Mpaka leo yapo, yamepewa majina ya herufi, A, B, C, na kuendelea. Mkazi wa miaka 18 na zaidi anaingia, anapiga kura kuhusu matumizi ya ardhi, leseni za baa, mipango ya ujenzi. Kura zao ni za ushauri, lakini diwani anayezipuuza anajua anachokifanya. Fikirieni mkutano mkuu wa mtaa wenu ungekuwa na uzito wa namna hiyo.

Mpaka hapa ni hadithi tamu. Mgombea yeyote humu anaweza kuinakili akaenda nayo jukwaani. Lakini mimi sikuja kuwapa hadithi ya jukwaani.

Twende 1977. Wazoa taka wa jiji la Atlanta, karibu wote watu Weusi, walikuwa wanalipwa wastani wa dola 7,500 kwa mwaka, mshahara wa umaskini kwa mtu mwenye familia. Wakaomba nyongeza ya senti 50 kwa saa. Hawa ndio walioshusha kura za Jackson 1973. Na walikuwa na sababu ya kumwamini, maana mwaka 1970 wazoa taka walipogoma chini ya meya Massell, Jackson akiwa makamu wa meya alisimama upande wao. Sasa yeye ndiye bosi. Mwishoni mwa Machi wakagoma.

Siku chache baadaye meya akawafukuza zaidi ya watu 900.

Alikuwa na hoja yake, na tumtendee haki: sheria ilimtaka asawazishe bajeti, na alisema pesa haipo. Lakini jambo linaloniumiza zaidi siyo uamuzi wa meya. Ni kimya cha meza. Au niseme, mbaya zaidi kuliko kimya. Wale viongozi wa jamii, watu wa makanisa, watu wa biashara, walioketi miaka 30 wakiwahoji mameya wazungu mpaka jasho linawatoka, safari hii walisimama na meya dhidi ya wazoa taka. Mmoja wao alikuwa Mchungaji Martin Luther King Sr. Mwanaye, Martin Luther King Jr., alikuwa ameuawa Memphis Aprili 1968 alipokwenda kuunga mkono mgomo wa nani? Wa wazoa taka. Miaka tisa tu ilikuwa imepita.

Mgomo ukafa ndani ya wiki chache. Wengi wakarudi mmoja mmoja kuomba kazi zao tena. Oktoba ya mwaka ule ule kulikuwa na uchaguzi, na Jackson akashinda bila shida.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Naomba nitoe maoni yangu. Pale mezani, chakula cha mchana kile, walikuwepo mawakili, wachungaji, wenye bima, wenye benki, wakandarasi. Walisema "watu wetu", na walipopata tenda walihesabu kwamba watu wetu wamepata. Mzoa taka hakuwa na kiti. Na jambo la pili, kubwa zaidi: walikuwa na ufundi wa kumuuliza mtu asiye wa kwao. Alipoingia wa kwao, waliona kumuuliza ni kumsaliti. Ni kuwapa maadui silaha. Ni kumwangusha kijana wetu wa kwanza.

Mnaisikia lugha hiyo? Mnaijua. "Kamanda, hayo tuyazungumze ndani." "Kamanda, sasa hivi siyo wakati wake." "Wewe umetumwa na nani?"

Pale ambapo hakuna maswali, mengine huota yenyewe. Mwaka 1989 mahakama zilifuta mpango ule wa tenda, kwanza wa Richmond, Virginia, kwenye Mahakama Kuu ya nchi, kisha wa Atlanta kwenye mahakama ya juu ya Georgia. Sababu moja kubwa ni kwamba majiji hayakuwa na ushahidi wa kutosha, uliokusanywa vizuri, wa ubaguzi waliokuwa wanaurekebisha. Atlanta ikabidi iwaite mchumi Andrew Brimmer na aliyekuwa waziri wa kazi, Ray Marshall, wafanye utafiti mkubwa ndipo mpango urudishwe. Mnaona? Walikuwa na haki, lakini haki bila kumbukumbu za maandishi ilianguka mahakamani. Mwaka 2017, aliyewahi kuwa mkuu wa manunuzi wa jiji hilo alikiri mahakamani kupokea rushwa ya mkandarasi. Na mwaka 2014, baada ya miaka 40 ya mameya Weusi mfululizo, watafiti wa taasisi ya Brookings walipopima miji mikubwa 50 ya Marekani, uliokuwa na pengo kubwa kuliko yote kati ya wenye kipato cha juu na cha chini ulikuwa Atlanta.

Sisemi Jackson hakufanya kitu. Aliufungua mlango wa hazina. Walioingia waliingia, na wametajirika, na ni haki yao. Ninachosema ni kwamba mlango ukifunguka kwa wakandarasi peke yao, anayebeba pipa la taka anabaki nje na pipa lake, hata kama meya anafanana naye.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu mambo ni tofauti, tusidanganyane. Meya wa Atlanta anachaguliwa na wananchi moja kwa moja na pesa anaishika yeye. Huku kwetu meya anachaguliwa na madiwani, na afisa masuuli wa halmashauri ni mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujengea hata daraja la miguu. Kwa hiyo mgombea wetu akiwaahidi wananchi barabara ya lami, anawadanganya, na sisi tunaomsindikiza tunadanganya pamoja naye.

Lakini zipo pesa ambazo sheria imeshazitaja, na hazihitaji meya wa Marekani. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya maswali mengi kuhusu vikundi hewa na marejesho, ikaja kurudishwa baadaye kwa utaratibu mpya. Sheria ya manunuzi nayo inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, vijana wakiwemo. Hizo ndizo taa zetu za Auburn Avenue. Zinahesabika. Kikundi kinachoomba kinahitaji barua ya mtaa, na hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa ana nguvu: anajua nani ni kikundi cha kweli na nani ni majina ya shemeji zake.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kabla hatujamnadi mgombea yeyote, wa kwetu kwanza, tumkalishe. Siyo hotelini. Kijiweni, sokoni, kwenye kibanda cha mama lishe. Tumuulize maswali matano, na majibu yaandikwe, asaini.

Moja: vikundi vingapi vya mtaa huu vimepata mkopo wa halmashauri, na utabandika wapi orodha ya vitakavyopata? Mbili: utaitisha mkutano mkuu wa mtaa lini, na utasoma mapato na matumizi siku gani? Tatu: anayezoa taka mtaani kwetu analipwa shilingi ngapi, na ada tunayotoa inakwenda wapi? Nne: tenda ndogo za halmashauri zinazofika mtaani kwetu, kijana wa hapa anazisikia wapi kabla hazijafungwa? Tano: ukishindwa kutimiza, nani ana ruhusa ya kukuuliza, na utamjibu wapi?

Na wanaouliza wasiwe sisi tuliozoea vipaza sauti. Awepo bodaboda. Awepo muuza mboga. Awepo yule anayesukuma mkokoteni wa taka alfajiri, ambaye hatumjui hata jina. Akikosekana yeye, kikao chetu kitakuwa Hungry Club: wenye njaa kwenye jina, walioshiba kwenye viti.

Kisha, na hili ndilo nililolijia, tukishinda tuyatunze yale makaratasi. Baada ya miezi mitatu turudi kwa mwenyekiti wetu, huyo huyo tuliyemlindia kura usiku kucha, tumwambie: mheshimiwa, hongera, sasa swali la kwanza. Akikasirika, tumwambie kwa upole kwamba kumuuliza wa chama tawala kila mtu humu anaweza. Mtihani wetu ni kumuuliza wa kwetu.

Najua kuna watakaoondoka hapa wakisema nimekuja kuwavunja moyo wagombea. Hapana. Mgombea anayeogopa maswali matano ya muuza mboga hataweza kusimama mbele ya mkurugenzi wa halmashauri akadai asilimia 10. Tunampa mazoezi.

Fomu za maswali hayo zipo mlangoni kwa katibu. Kila tawi lichukue nakala, na kabla ya Jumapili ijayo kila tawi liwe limemkalisha mgombea wake. Majibu tutayaweka hapa kwenye blogu, mtaa kwa mtaa, jina kwa jina.